Mwaka wa liturujia katika mwambao wa Kigoma

Mwaka wa liturujia katika mwambao wa Kigoma ni mpangilio wa vipindi vya ibada, mifungo na sikukuu unaofuatwa na waumini wa Kanisa Katoliki wanaoishi kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, kuanzia Kagunga karibu na mpaka wa Burundi hadi Kigoma, Ujiji na vijiji vya kusini mwake. Vipindi vyenyewe ni vilevile vya Kanisa la Kilatini duniani kote: Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka na kipindi cha kawaida. Kinachotofautisha mwambao huu ni kwamba mwaka wa Kanisa unakutana na kalenda nyingine mbili ambazo familia za pale haziwezi kuzipuuza: mwezi wa angani, unaoamua usiku wa kuvua dagaa, na mvua, inayoamua kulima, kuanika na kusafiri.

Makala hii inahusu hasa Jimbo Katoliki la Kigoma. Madhehebu mengine yanatajwa mwishoni.

Mahali

Kagunga ni kijiji na pia kata ya Wilaya ya Kigoma Vijijini, Mkoa wa Kigoma. Iko kaskazini kwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyoanzishwa mwaka 1968. Katika ukanda huo milima inateremka kwa ukali hadi majini, na vijiji kama Mwamgongo, Bugamba, Zashe na Kagunga vimebanwa kati ya mlima na ziwa. Njia kuu ni maji: boti za mbao zenye injini hubeba abiria, mizigo, wagonjwa, walimu na mapadri.

Wenyeji wengi ni Waha, ambao lugha yao, Kiha, inasikilizana na Kirundi cha ng'ambo ya mpaka. Kuna pia watu wengi wenye asili ya Kongo, hasa katika miji ya Kigoma na Ujiji. Ibada za parokia hufanyika kwa Kiswahili.

Asili

Ukristo ulifika mwambaoni kwa njia ya misafara kutoka pwani. Waprotestanti wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878. Wamisionari wa Afrika, yaani shirika la Mapadri Weupe lililoanzishwa na Charles Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, walifika Ujiji Januari 1879. Mkuu wa msafara wao, padri Pascal, alikuwa amefariki njiani mwaka uliotangulia.

Mwanzo huo haukuwa mwepesi. Ujiji ilikuwa mji wa biashara wenye Waislamu wengi, ambako watumwa na pembe za ndovu vilipita kwenda pwani, kwa hiyo wamisionari walitafuta nafasi katika vijiji vingine vya ziwani. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao mlei D'Hoop, waliuawa Rumonge, kwenye mwambao huohuo, ndani ya Burundi ya leo. Mwaka 1885 shirika lilipewa kituo cha Karema, upande wa kusini mashariki wa ziwa, ambacho kikawa ngome ya kazi yao kwa miaka mingi.

Jambo moja la wakati ule linaeleza mengi kuhusu parokia za leo. Lavigerie aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufundishwa kwa miaka minne. Mapadri walikuwa wachache na lugha zilikuwa ngeni kwao, hivyo mafundisho hayo marefu yasingewezekana bila makatekista wenyeji. Anayejulikana zaidi kati yao ni Adrian Atiman, mzaliwa wa Mali ya leo, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomea utabibu huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akafanya kazi ya ukatekista na uganga hadi kifo chake mwaka 1956.

Vikarieti ya Kitume ya Kigoma iliundwa mwaka 1946, na mwaka 1953 ikawa jimbo, ambalo leo liko chini ya Jimbo Kuu la Tabora. Askofu wake wa kwanza alikuwa Jan van Sambeek, Mmisionari wa Afrika. Protase Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 2023, aliliongoza kuanzia 2008 hadi 2012. Tangu mwaka 2014 askofu ni Joseph Mlola. Kanisa kuu, lililopo mjini Kigoma, limewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria Mshindaji.

Parokia, kigango na jumuiya

Parokia huongozwa na paroko, lakini mkristo wa kijijini hukutana nayo kwa njia ya kigango, yaani kanisa dogo lenye katekista wake na halmashauri yake ya walei. Padri huzungukia vigango kwa zamu. Jumapili ambayo hayupo, waumini hukusanyika kwa ibada ya Neno la Mungu: masomo ya siku, mahubiri mafupi ya katekista, maombi, sadaka, matangazo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1248, inahimiza jambo hilo waziwazi kwa mahali ambapo Misa haiwezekani, na kama hata ibada hiyo haiwezekani inahimiza sala katika familia.

Watu wa mjini huichukua ibada hiyo kama pungufu ya Misa, na kwa mafundisho ya Kanisa ni kweli kwamba haichukui nafasi ya Ekaristi. Hata hivyo ndiyo inayolea imani ya vijiji vingi. Mwambaoni padri anazuiwa pia na maji: ziwa likichafuka, boti haiondoki, na Misa iliyotangazwa wiki nzima inageuka ibada ya katekista asubuhi hiyohiyo. Kwa hiyo katekista huandaa masomo ya kila Jumapili hata ile ambayo padri anatarajiwa.

Chini ya kigango kuna jumuiya ndogondogo za Kikristo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya miaka 1973 na 1976, walizifanya kuwa msingi wa kazi ya kichungaji. Kila jumuiya ni kundi la familia jirani lenye mtakatifu msimamizi, anayeitwa somo wake. Hukutana kila wiki katika nyumba ya mmojawapo, husoma Injili ya Jumapili inayofuata, husali, hukusanya michango na kupanga nani atamtembelea mgonjwa. Barua ya jumuiya ndiyo inayofungua mlango wa ofisi ya parokia: mzazi anayetaka mtoto abatizwe, vijana wanaotaka kufunga ndoa, au familia inayoomba maziko ya Kikanisa huulizwa kwanza kuhusu jumuiya yao. Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huo unamwumiza mvuvi anayehamahama kutoka kambi hadi kambi, kwa kuwa hakuna jumuiya inayomfahamu vizuri. Malalamiko hayo yana uzito.

Vyama vya kitume hugawanya kazi kwa umri na jinsia. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ulianza mwaka 1972. Wanaume wana UWAKA, vijana wana VIWAWA, na watoto wana Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzia Ufaransa mwaka 1843.

Mwezi wa angani na siku ya Pasaka

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri au za sola. Mwanga huwavuta samaki karibu na uso wa maji, kisha wavu huinuliwa. Njia hiyo inahitaji giza. Mbalamwezi ikitawala anga lote, taa ya mvuvi haina nguvu, na kwa siku kadhaa kila mwezi mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa na injini hutengenezwa.

Pasaka nayo hufuata mwezi. Tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 Kanisa limeshika kanuni ya kuiadhimisha Jumapili, na hesabu iliyozoeleka ni kwamba huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili, na daima huwa ndani ya siku saba baada ya mwezi mpevu. Mwaka 2023 na tena mwaka 2026 mwezi ulipevuka siku yenyewe ya Alhamisi Kuu.

Hakuna aliyepanga hivyo kwa ajili ya wavuvi wa Kigoma, lakini matokeo yake ni makubwa. Siku tatu kuu za mwaka wa Kanisa huangukia mara nyingi katika siku ambazo wanaume wako nyumbani. Mkesha wa Pasaka, ambao lazima uanze usiku ukiwa umeingia, unakuta familia nzima ikiwa nchi kavu. Si kila mwaka mambo hulingana vizuri. Mwaka 2025 mwezi ulipevuka Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili. Kufikia Mkesha, tarehe 19, mwezi ulikuwa unachelewa kuchomoza hadi karibu na usiku wa manane, na giza la mwanzo wa usiku lilikuwa limerudi kwa mvuvi anayelihitaji.

Jumatano ya Majivu ni kinyume chake. Inatangulia Pasaka kwa siku 46, yaani takriban mwezi mmoja na nusu wa angani, kwa hiyo daima huja karibu na mwezi mwandamo. Mwaka 2026 ilikuwa tarehe 18 Februari, siku moja baada ya mwezi kufa. Kwaresima basi huanza wakati wa giza, kazi ya ziwani ikiwa imepamba moto. Kigango kinachopanga ibada ya majivu saa kumi na mbili jioni kitakuwa na wanawake, wazee na watoto tu, maana mitumbwi huondoka kabla jua halijazama.

Noeli hufuata jua, haiujui mwezi. Mwaka 2023 mwezi mpevu ulikuja siku mbili baada ya 25 Desemba, na mkesha wake ulikuwa na mwanga. Mwaka uliofuata mwezi ulikufa tarehe 30 Desemba, na mkesha wa Noeli ulikuwa usiku mzuri wa kuvua. Mwaka wa namna hiyo baba wa familia huchagua kati ya kanisa na wavu, akijua kwamba nguo mpya za watoto na mchele wa sikukuu vinatoka kwenye wavu huohuo.

Tatizo la kila wiki ni la akina mama zaidi. Dagaa waliovuliwa usiku wa kuamkia Jumapili lazima waanikwe asubuhi jua linapopanda, na kazi ya kuanika hufanywa zaidi na wanawake. Kanuni ya 1247 inawataka waumini wajizuie na kazi zinazozuia ibada, lakini samaki huoza bila kujali kanuni. Saa ya ibada ya Jumapili kwa hiyo ni jambo zito katika kikao cha halmashauri ya walei, na ibada inayoanza mapema humwacha mama arudi kichanjani kabla ya jua kali.

Kwaresima na Wiki Kuu

Kwaresima inajulikana kwa rangi ya zambarau, kunyamaza kwa Aleluya na Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa, ambayo katika vijiji vya mteremko huweza kufanywa kwa kupanda mlima kweli. Sheria inataka kujinyima nyama siku za Ijumaa kuanzia umri wa miaka 14, na kufunga chakula Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa wenye miaka 18 hadi 59.

Hapa kuna utani wa kijiografia. Mahali ambapo mboga ya kila siku ni dagaa au mgebuka, na nyama ni ya harusi, kujinyima nyama Ijumaa hakumgharimu mtu chochote. Anayetaka mfungo wenye maana hana budi kuutafuta kwingine: pombe, sigara, deni analowadai wenzake, au sehemu ya samaki aliyowekewa mjane wa jumuiya.

Jumapili ya Matawi haina tabu ya vifaa, kwa kuwa Kigoma ni nchi ya michikichi. Watoto hufika na makuti marefu kuliko wao, maandamano huanzia nje ya kanisa, na baadhi ya matawi huhifadhiwa ili yachomwe kuwa majivu ya mwaka unaofuata. Alhamisi Kuu padri huosha miguu ya waumini. Ijumaa Kuu hakuna Misa popote. Kuna masomo ya mateso, kuabudu Msalaba na komunyo. Katika Mkesha moto mpya huwashwa nje, mshumaa wa Pasaka huingizwa ndani ya kanisa lenye giza, na wakatekumeni hubatizwa. Watu wa vigango vya mbali husafiri kwenda makao ya parokia kwa ajili ya usiku huo, wakilala kwa ndugu, na kwaya zao huimba kwa zamu. Yote hayo hutokea wakati wa masika, ambapo mvua huweza kuzima moto mpya na dagaa hawakauki.

Noeli na siku za watoto

Majilio yenye wiki nne huangukia katika mvua za mwanzo na kazi za shamba. Noeli ni sikukuu ya familia kuliko zote machoni pa watu: walioko Dar es Salaam au kambi za mbali hurudi, ubatizo wa watoto wachanga huwa mwingi, na igizo la pango hupewa watoto. Tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, ndiyo siku ya Utoto Mtakatifu. Watoto husoma masomo, huongoza nyimbo na kucheza mbele ya altare, kisha hula pamoja, na wazazi siku hiyo hukaa nyuma.

Mafundisho ya komunyo ya kwanza na kipaimara huendeshwa kwa miezi mingi, kwa kawaida nje ya saa za shule. Kwa kuwa kipaimara hutolewa na askofu au padri aliyekabidhiwa, tarehe yake hutegemea safari yake.

Mvua, mbegu na mavuno

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei. Oktoba ni mwezi wa Rozari, na jumuiya husali nyumba kwa nyumba. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, familia husafisha makaburi. Katika parokia nyingi za Tanzania mbegu hubarikiwa kabla ya kupandwa: mahindi, maharage, vipando vya mihogo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, waumini hutoa mavuno, na wasio na fedha hutoa walichonacho shambani. Kiangazi hicho ndicho chenye upepo mkali wa kusini, kwa hiyo msimu wenye vyakula vingi vya kutolea si lazima uwe msimu mwepesi wa kuvisafirisha kwa boti.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Zuio lilianza siku nne kabla ya Pentekoste na kuisha siku ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni. Kwa familia ambayo ada za shule, zaka na chakula vyote hutoka ziwani, sehemu kubwa ya kipindi cha kawaida cha mwaka ule haikuwa ya kawaida.

Pasaka ya 2015 huko Kagunga

Mwaka 2015 Pasaka ilikuwa tarehe 5 Aprili. Kabla kipindi chake cha siku hamsini hakijaisha, machafuko ya kisiasa nchini Burundi yaliwasukuma watu kuvuka mpaka, na Kagunga ikawa lango lao. Katikati ya Mei wakimbizi zaidi ya 50,000 walikuwa wamejazana katika kijiji hicho kimoja, wengi wakilala ufukweni bila paa. Kipindupindu kilizuka: katika eneo la Kigoma watu wapatao 3,000 waliugua na zaidi ya 30 walifariki, wakiwemo wenyeji. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, abiria wakapelekwa kwake kwa mitumbwi, kisha ikawasafirisha hadi Kigoma. Huko walipokewa katika uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Burundi ni nchi yenye Wakatoliki wengi, na waliofika Kagunga walikuta watu wanaoelewa lugha yao. Pentekoste ya mwaka ule, tarehe 24 Mei, iliwakuta baadhi yao bado ufukweni, wengine uwanjani, wengine kambini.

Madhehebu na dini nyingine

Waanglikana wa Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966 na yenye makao Kasulu, hufuata vipindi karibu vilevile. Wamoravian wana desturi ya kimataifa ya kusali makaburini alfajiri ya Pasaka. Wapentekoste wengi hawashiki Kwaresima, na Waadventista Wasabato huabudu Jumamosi, hivyo dagaa wa usiku wa Ijumaa ndio wanaowapa shida.

Waislamu ni wengi mwambaoni, hasa Ujiji, na mara nyingi mtumbwi mmoja hubeba wavuvi wa dini zote mbili. Kalenda yao pia ni ya mwezi, lakini Idi ya Fitri huja mwezi ukiandama, yaani wakati wa giza, uvuvi ukiwa katika kilele. Kwa kuwa Jumatano ya Majivu nayo huja karibu na mwezi mwandamo, Ramadhani na Kwaresima zinapokutana huanza karibu pamoja, kama ilivyokuwa Machi 2025 kwa tofauti ya siku chache tu na tena Februari 2026. Miaka hiyo chombo kizima huondoka jioni kikiwa na watu wanaofunga, ila Mwislamu hufuturu majini jua likizama.